Ukiagiza "tinti" Dar es Salaam, unaletewa kioo gani?

Fundi aliniuliza swali moja tu: "Bosi, vioo unataka klia au tinti?" Nikajibu tinti, tena kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Siku ya tatu nafika saiti, Goba, nakuta sebule ina vioo vinavyong'aa kwa nje kama sinia jipya, vyumba vya kulala vina vioo vya rangi ya chai ya rangi, na kidirisha cha stoo kimebandikwa karatasi nyeusi yenye mapovu. Nikamwita. "Si ulisema tinti, bosi? Hizi zote tinti." Nilitaka kugomba, nikakosa pa kuanzia. Kwa lugha ya mjini alikuwa sahihi kabisa.

Basi kama unajenga, unakarabati, au umechoka na jua la alasiri kwenye chumba cha kupanga, soma hapa kabla hujamjibu fundi wako.

Neno lenyewe

Tinti ni neno la kuazima ambalo Dar limeshapewa uenyeji. Kuna gari la tinti, miwani ya tinti, ofisi yenye mlango wa tinti. Wapo wanaolitamka "tintedi", maana ni ileile: kioo kisichopitisha mwanga wote. Tatizo ni kwamba neno linasema kioo kinavyoonekana, halisemi kimefanywa nini mpaka kikaonekana hivyo. Na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Ukikimbilia Kiswahili cha darasani ukasema "kioo cha rangi", hujajiokoa. Rangi kwetu ni ile iliyomo mwilini mwa embe bivu, na rangi vilevile ni ile ya kwenye kopo inayopakwa ukutani. Muuzaji wa vioo ana haki ya kukuuliza: rangi ya ndani au ya juu? Nako "kioo" ni neno lenye watoto wengi. Cha dirisha ni kioo, cha kujitazamia ukichana nywele ni kioo, na simu ikianguka kinachopasuka ni kioo. Swali hilo la ndani au juu ndilo linalotenganisha vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina la tinti. Kuna cha nne, cha chooni, ambacho si tinti ila watu hukitia kapu hilohilo.

Tinti ya kuzaliwa

Jina hili nimelitoa kwa kijana wa kubandika tinti za magari. Shemeji yangu alinunua Noah iliyotoka Japani, madirisha ya nyuma meusi, ya mbele yana ukijani kwa mbali. Akataka yale ya nyuma yatolewe tinti, gari ifanane mbele na nyuma. Kijana akashika wembe, akakwangua kona moja karibu nusu saa. Hakuna kilichobanduka, hata unyuzi. Akafuta jasho akasema, "Braza, hii imezaliwa nayo."

Ndivyo ilivyo. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa kwenye tanuri kwa joto la kama nyuzi 1,500. Kikiwa bado uji, hutiwa kiasi kidogo cha madini: chuma kinaleta kijani, kobalti inaleta bluu, seleniamu ikichanganywa na hizo mbili unapata ile rangi ya chai au ya moshi. Kisha uji humwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, unaelea na kutandaa wenyewe mpaka unakuwa sawasawa pande zote. Njia hiyo aliibuni Alastair Pilkington huko Uingereza katika miaka ya 1950, na ndiyo inayotumika leo duniani kwa vioo vya madirisha, hata kwenye kiwanda cha Mkuranga kilichozinduliwa mwaka 2023. (Kile cha Chang'ombe, Kioo Limited, ni cha chupa. Chupa ya bia ya kahawia nayo ni tinti ya kuzaliwa: mwanga ukiipiga bia hubadilisha harufu yake, na kahawia huuzuia kuliko kijani.)

Ili kuitambua, usitazame uso wa kioo, tazama ukingo wake. Kioo klia, yaani kisichotiwa rangi, kikikatwa, ukingo wake una ukijani kidogo kwa sababu ya chuma kilichokuwemo mchangani. Tinti ya kuzaliwa ukingo wake umekolea rangi ileile mpaka ndani, kama muwa uliokatwa. Na kwa kuwa rangi iko mwilini, unene unahesabika: cha milimita 6 ni cheusi kuliko cha milimita 4 cha rangi ileile. Kimoja kikivunjika ukaletewa cha unene tofauti, dirisha litakuwa na kiraka cha kuonekana tangu barabarani. Andika unene mahali, hata ukutani stoo.

Ubaya wake ni mmoja, na muuzaji hausemi. Kioo hiki hakirudishi jua lilikotoka, kinalimeza. Saa tisa alasiri weka kiganja kwenye dirisha la rangi ya chai linalotazama magharibi. Utautoa haraka. Joto lile kililolimeza kinalitema, jingine nje, jingine ndani kwako, na kochi lililosogezwa pale linageuka kiti cha mbele ya jiko. Kwa vipimo vya watengenezaji, kioo klia cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua, na cha moshi kama 60. Ni nafuu, lakini si ile nafuu uliyoiota.

Rangi gani sasa? Hapa watu huchagua kwa macho, na macho yanadanganya. Kijani na moshi hukata joto karibu sawa, lakini kijani cha milimita 6 hupitisha kama robo tatu ya mwanga, na moshi haufiki nusu. Kwa hiyo mwenye vioo vya moshi anawasha taa saa nne asubuhi huku jua linawaka nje, na LUKU inakula. Mimi ningerudi nyuma ningechukua kijani bila kubishana. Watu wanakidharau kwa kuwa kinafanana na klia, "sasa hiyo ndiyo tinti gani?" Ndiyo tinti inayofanya kazi, mzee.

Wanwei

Hii ndiyo inayouzika kuliko zote, na ndiyo niliyoletewa sebuleni. Mafundi wanaiita wanwei kwa sababu eti unaona upande mmoja tu: wewe unamwona wa nje, yeye hakuoni. Ndiyo vioo vya bluu vinavyong'aa kwenye maghorofa mengi ya katikati ya mji. Kioo chenyewe kinaweza kuwa na rangi, lakini siri iko juu, kwenye utando mwembamba sana wa madini unaoakisi mwanga. Unapachikwa kiwandani kioo kikiwa cha moto, au baadaye kwa mitambo maalumu.

Kwa kazi ya mchana sina ugomvi nayo. Inarudisha sehemu ya jua nje badala ya kulimeza lote, kwa hiyo kwa dirisha la magharibi inaishinda tinti ya kuzaliwa. Na inastahili maana zote mbili za neno kioo: aliye nje anachania nywele, aliye ndani anamwangalia anavyochana. Wiki ya kwanza tulicheka sana sebuleni kwangu. Bodaboda walikuwa wakipaki pale, wanajitazama meno.

Wiki ya pili nilikwenda gengeni kununua nyanya. Mama wa genge, ambaye meza yake iko ng'ambo ya barabara, akanifungia nyanya huku hanitazami. "Baba Neema, ndizi nyama ya jana ilikuwa nzito." Nikamuuliza amejuaje. "Nimeonaje sasa? Si mmekula mbele yangu. Halafu muachie mtoto rimoti, mtu mzima unamnyang'anya katuni!"

Nilirudi nyumbani nikasubiri giza. Nikamwacha mke wangu ndani taa inawaka, nikavuka barabara. Nikaona sebule yote: feni, kalenda ukutani, viatu vyangu chini ya kochi. Nilimpungia mkono mke wangu, hakuniona. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya kioo cha kujitazamia.

Maelezo ni mepesi ukishayaona. Kioo cha wanwei hakijui ndani wala nje, kinajua penye mwanga zaidi. Upande wenye mwanga mwingi unaona sura yake, upande wenye giza unaona ng'ambo. Mchana mwanga uko nje. Ikifika saa moja usiku ukawasha taa, mambo yanageuka, na nje ndiko kunakokuwa "ndani". Hakuna wanwei ya kupachika dirishani inayokwepa hili, hata ukiambiwa ni ya bei mbaya.

Kama unataka kuliona jambo hilihili kwa uzuri wake, pita Kanisa la St. Joseph pale mbele ya bandari. Lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, na nyuma ya altare kuna vioo vya rangi vya kikanisa, vipande vilivyoungwa vikawa picha. Ukivitazama mchana ukiwa nje ni vyeusi, vimechoka, utadhani vina vumbi. Ingia ndani, utasimama. Jioni taa za ndani zikiwashwa, zamu hubadilika: rangi zinamwagikia aliye nje. Ni sheria moja na ya sebule yangu, tofauti pale wanaonekana watakatifu na kwangu ilikuwa ndizi nyama.

Kwa hiyo wanwei ni ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja. Nyumbani ni ya mtu ambaye tayari ana pazia zito na anakumbuka kulivuta. Na ukinunua, ukae na fundi siku ya kufunga, maana utando una upande wake. Gusisha ncha ya ufunguo taratibu kwenye kioo: upande wenye utando, ncha na taswira yake hukutana. Upande wa pili kunabaki nafasi kati yao, sawa na unene wa kioo. Utando ukikaa mahali watu wanaposugua na brashi ya chuma kila Jumamosi, mikwaruzo yake haifutiki.

Tinti ya kubandika

Karatasi ya plastiki yenye gundi upande mmoja. Kioo kinaoshwa kwa maji ya sabuni, karatasi inalazwa ingali mbichi, maji yanasukumwa kwa raba mpaka yaishe. Kwenye gari ndiyo kazi nzima ya vijana wa tinti, na nyumbani inafanyika vilevile.

Ninaitetea tinti hii kuliko watu wengi. Kwa mpangaji hakuna nyingine ya kufikiria: humng'olei mwenye nyumba kioo, ukihama unaibandua au unamwachia. Ile ya ubora mzuri huzuia karibu asilimia 99 ya miale ya urujuanimno, ile inayofubaza makochi na mapazia, kazi ambayo kioo klia cha kawaida hakiifanyi vizuri. Na kioo kikivunjika, vipande vinabaki vimeshikwa na karatasi badala ya kumwagikia mtoto aliyelala.

Ila usinunue ya rangi tupu kwa sababu ni rahisi. Rangi hiyo hufa juani, ikianza kufa nyeusi inageuka zambarau. Umeshaziona gari zenye vioo vya zambarau zinazopanda Kimara, hazikuchagua rangi hiyo. Zenye chembe za madini au za seramiki hudumu zaidi na hukata joto kweli, kwa sababu joto kubwa la jua limo kwenye mwanga usioonekana, na weusi wa karatasi hauna habari na huo. Karatasi nyepesi ya seramiki inaweza kushinda karatasi nyeusi tii ya rangi. Asilimia iliyoandikwa pembeni, 5, 20, 35 au 50, ni ya mwanga unaopita: namba ndogo ndiyo giza kubwa. Kuna mzee aliyeomba "tano tano kote" akidhani ni punguzo. Alipata pango.

Kosa langu mimi ni la kubandika. Nilipoona dirisha la chumba cha watoto bado linachoma, nikaenda duka moja nikanunua karatasi nyeusi, nikabandika kwa ndani juu ya kile kioo cha rangi ya chai. Muuzaji alisema "hiyo sasa ndiyo dabo". Mwezi haukuisha, asubuhi nikakuta ufa umetoka kwenye fremu umeingia kiooni kama mto kwenye ramani, hakuna aliyerusha jiwe. Kioo kinachomeza joto kimeongezewa kitu kinachomeza joto. Katikati kinavimba, ukingoni kumefichwa kwenye fremu kumepoa, kinajipasua chenyewe. Ufa wa namna hii huanzia ukingoni na huondoka umenyooka kutoka kwenye fremu, ndivyo unavyoutofautisha na wa mpira wa watoto. Karatasi nyeusi ibandike kwenye klia, si juu ya tinti ya kuzaliwa.

Kuisafisha: maji, sabuni, kitambaa laini. Dawa za vioo zenye amonia huichosha.

Cha chooni

Kioo cha ukungu au cha maua. Hiki hakipunguzi mwanga sana, kinautawanya, ndiyo maana unaona bonge la rangi badala ya mtu. Usiku hakigeuki kama wanwei, lakini ukisimama karibu nacho taa ikiwa nyuma yako, kivuli chako kinasomeka kama gazeti kwa jirani. Jambo moja tu la kukagua: kile kilichokwaruzwa kwa mchanga au dawa kina upande laini na upande wa mparazo. Mparazo ukilowa maji, ukungu unapungua, unaona vizuri zaidi. Kwa hiyo mparazo usikae upande wa bomba la kuogea. Mafundi wanakigeuza hovyo.

Dirisha lako linatazama wapi?

Ndilo swali ambalo fundi alipaswa kuniuliza. Dar iko chini kidogo ya ikweta, karibu nyuzi 7 kusini. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, miezi mingine, ile ya joto kali, liko kusini. Lakini adhuhuri jua liko juu, na paa lililotoka vizuri au kibaraza kinalizuia kabla halijagusa kioo. Usipoteze hela ya tinti pale. Mashariki linaingia asubuhi, nyumba bado imepoa, pazia jepesi linatosha. Adui ni magharibi, kuanzia saa nane mpaka linazama, kwa kuwa linakuja chini, mlalo, linapita chini ya paa lolote. Hapo ndipo weka bajeti: wanwei kama usiku una pazia, au klia yenye karatasi ya seramiki kama unataka kuona bustani. Mti au turubai kwa nje, hata mkeka wa kuning'iniza, unashinda vyote viwili, kwa sababu unalizuia jua kabla halijawa mgeni wako.

Na kabla ya rangi, fikiria upepo. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine siku zote ni kioo. Zile luva za zamani tulizozikimbia kwa ushamba wetu zilifunguka zote. Jasho la Dar ni unyevu, na unyevu hautolewi na tinti. Upepo wa kusi ukivuma, chumba chenye klia kilichofunguliwa pande mbili kinakaa vizuri kuliko chumba cha wanwei kilichofungwa. Lile dirisha la kufungua kama mlango linagharimu zaidi, lakini mimi ningepunguza kwenye kioo niongeze huko.

Bei zinapanda na kushuka, ila mpangilio haubadiliki sana: klia chini, tinti ya kuzaliwa juu yake, wanwei juu zaidi. Karatasi ya rangi ni ya bei chee, ya seramiki inaweza kukaribia bei ya kubadili kioo. Ukienda kuagiza, usitamke tinti peke yake. Sema: "milimita 5, rangi ya kijani ya ndani ya kioo, isiyong'aa," kisha omba kipande, kitazame ukingo, kipeleke juani.

Kwangu nimebadilisha hivi. Chumba cha watoto kimepata klia, na nje nimening'iniza mkeka. Stoo nimebandua ile karatasi, mapovu yamekwisha na hakuna anayejificha stoo. Wanwei ya sebuleni imebaki, ila mke wangu ameshona mapazia mazito ya kitenge, na saa kumi na mbili na nusu Neema ndiye mwenye zamu ya kuyavuta. Juzi nilipita gengeni, mama akanipimia vitunguu, akatazama ng'ambo kwenye kioo, akasonya kidogo. "Baba Neema, siku hizi hata sijui mnakula nini."